Chakula cha Wafu Huliwa na Nani?

Kila mwaka, tarehe 1 Novemba, Wakatoliki pamoja na baadhi ya Wakristo wa makanisa mengine huadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kesho yake, tarehe 2, huwakumbuka Marehemu Wote. Makaburi hung'olewa magugu, mishumaa huwashwa, na majina ya waliotangulia husomwa mbele ya altare. Siku hizi mbili hukaa pamoja kama pacha, ilhali hazikuzaliwa pamoja wala mahali pamoja. Na kila zifikapo, hufufuka mjadala wa zamani: je, zimetoka wapi? Wako wasemao kuwa ni ushirikina wa kale uliovishwa kanzu ya Kikristo, na kwamba jambo lililoanzia kwa mizimu haliwezi kuishia kwa Mungu. Wako wanaowajibu kuwa ni desturi iliyo safi tangu chimbuko lake, isiyodaiwa chochote na dini nyingine yoyote.

Pande hizi mbili, zijapogombana, zinakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba thamani ya ibada imo katika asili yake. Ndiyo maana kila upande huchimba na kuchimba, huyu akitafuta najisi, yule akitafuta usafi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na hapana shaka walisema kweli. Lakini hawakusema kuwa aijuaye asili ya jambo amekwisha kulijua jambo lenyewe. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba historia ya sikukuu hizi inatuachia swali zito zaidi kuliko lile la chimbuko. Walio hai wanapoandaa kitu kwa ajili ya wafu wao, ni nani hasa anayekipata? Wafu hawali. Chakula kilichopikwa kwa jina lao hakina budi kuliwa na mtu mwingine, na ni huyo mtu mwingine ambaye kwaye ibada hupimwa.

Tuanze na yale yanayojulikana. Miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa Wakristo kuadhimisha siku ya kifo cha shahidi, au mfiadini kama wasemavyo Wakatoliki wengi, ni barua ya Kanisa la Smyrna, mji ambao leo huitwa Izmir nchini Uturuki. Barua hiyo inasimulia kuuawa kwa askofu wao, mzee Polycarp, katikati ya karne ya 2. Alipotakiwa amlaani Kristo ili aachiliwe, mzee huyo alijibu kwamba amemtumikia kwa miaka 86 na hajaona baya lolote kwake. Mwili wake ulipokwisha kuchomwa moto, waumini waliiokota mifupa, wakaihifadhi mahali pa heshima, wakaazimia kukutana hapo kila mwaka siku ile ile aliyouawa, nao wakaiita siku ya kuzaliwa kwake. Sababu ya kukutana nayo waliitaja: kuwakumbuka waliokwisha kushindana, na kuwaandaa watakaoshindana baadaye. Yafaa msomaji aliangalie neno hilo. Tangu mwanzo kabisa, nusu ya sababu ya kumkumbuka mfu ilikuwa ni walio hai.

Hata hivyo, Wakristo wale hawakuwa watu wa kwanza kwenda makaburini wakiwa na nia njema. Waliishi katika dola ya Warumi, na Warumi walikuwa na siku zao. Kila Februari, tangu tarehe 13 hadi 21, waliadhimisha Parentalia, siku za kuwaenzi wazazi waliokufa. Mshairi Ovid, aliyeishi mpaka mwanzoni mwa karne ya 1, ameyataja matoleo yake: nafaka kidogo, chembe za chumvi, mkate uliolowekwa katika divai, na maua, kwani roho za waliolala, kwa maoni yake, si lafi. Kesho yake, tarehe 22, jamaa walio hai waliketi kula pamoja, na waliokosana walipatanishwa. Lakini mwezi Mei, usiku wa tarehe 9, 11 na 13, zilikuwako siku nyingine zilizoitwa Lemuria. Hapo baba wa nyumba aliamka usiku wa manane, akatembea miguu mitupu ndani ya nyumba yake, akitupa maharagwe meusi bila kuangalia nyuma, ili mizimu iyachukue maharagwe na kuwaacha watu. Februari ilikuwa mapenzi, na Mei ilikuwa hofu. Hali hizi mbili za moyo hazikuondoka pamoja na miungu ya Roma. Zimo ndani ya kila mtu aliyewahi kuzika.

Desturi ya kula makaburini ilikuwa imeenea kiasi kwamba baadhi ya makaburi ya Kirumi, kwa mfano yale ya Isola Sacra karibu na bandari ya kale ya Roma, yalitiwa mirija ya kupitishia kinywaji mpaka kwa maiti. Wakristo nao walikula huko. Chini ya Kanisa la San Sebastiano, nje ya kuta za kale za Roma, kuna ukuta wenye maandishi ya karne ya 3 yaliyochorwa na watu waliofika hapo kula karamu kwa heshima ya mitume Petro na Paulo. Na katika kalenda ya mashahidi ya Kanisa la Roma iliyomo katika kitabu cha mwaka 354, tarehe 22 Februari, siku ile ile ya karamu ya jamaa, imewekwa sikukuu ya kiti cha Petro. Basi anayetafuta chimbuko lisilochanganyika na kitu atachoka bure. Wakristo wa kwanza walikuwa watu wa nchi zao, na walizika kama watu wa nchi zao.

Shutuma juu ya jambo hili nayo haikuanza leo. Katika karne ya 4 alikuwako Faustus, kiongozi wa dini ya Mani, aliyewashutumu Wakristo kwamba wameyageuza masanamu kuwa mashahidi, na kwamba wanaituliza mizimu kwa divai na vyakula kama wapagani wengine. Aliyemjibu ni Augustine, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, alisema, altare iliyojengwa juu ya kaburi la shahidi husimamishwa kwa Mungu, wala hakuna kuhani anayemtolea sadaka marehemu. Pili, kuhusu wanaolewa makaburini, alikiri kuwa wapo, akatofautisha baina ya yale Kanisa linayofundisha na yale linayoyavumilia. Na katika barua ya mwaka 395 alieleza waziwazi kwamba makundi ya watu yalipoingia katika Ukristo baada ya mateso kwisha, viongozi waliwaachia karamu za mashahidi kwa kuwa hawakuweza kuziacha karamu zao za zamani kwa mara moja. Askofu huyo hakuona haya kuitaja asili. Kilichomshughulisha ni mahali jambo linapoelekea.

Alikuwa na sababu ya kulijua jambo hilo kwa karibu, kwani mama yake mwenyewe, Monica, alikuwa miongoni mwa waliokwenda makaburini na kikapu. Augustine amelisimulia hilo katika kitabu chake cha Maungamo. Monica, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, alizoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya watakatifu. Hakuwa mlevi, alibeba kikombe kimoja kidogo, divai yake imezimuliwa kwa maji, naye akagawana na wenzake kwa kufyonza kidogo kidogo. Alipomfuata mwanawe Milano, alikwenda na kikapu chake kama ilivyokuwa ada ya kwao. Bawabu akamzuia. Akaambiwa kuwa askofu Ambrose amekataza, kwanza ili walevi wasipate kisingizio, na pili kwa sababu jambo hilo linafanana mno na Parentalia za wapagani. Monica alitii bila kunung'unika. Tangu hapo, asema mwanawe, badala ya kikapu cha mazao ya ardhi alijifunza kupeleka makaburini moyo uliojaa dua, na kile alichokuwa nacho akawapa maskini.

Kisa hiki ni kifupi, lakini kinatufundisha zaidi ya vitabu vingi vya mabishano. Ambrose alikataza kwa sababu ya asili na kwa sababu ya ulevi. Monica angeweza kubishana naye kuhusu asili, akasema kuwa yeye si mpagani. Au angeweza kukasirika, akarudi kwao. Hakufanya hivyo. Hakuacha kuwakumbuka wafu wala hakuacha kutoa. Alibadilisha njia ya kikapu. Zamani kilitoka jikoni kwenda kaburini na kurudi tumboni mwa wale wale waliokipika. Sasa kilitoka jikoni kwenda kwa mwenye njaa. Mwanawe hakulisahau somo hilo. Karibu na mwaka 392, akimwandikia Aurelius, askofu wa Carthage, kuhusu karamu za makaburini, Augustine alishauri kwamba matoleo ya kuwakumbuka marehemu yasiwe ya anasa, wapewe wote waombao, yasiuzwe, na mtu anayetaka kutoa fedha awape maskini papo hapo. Hapo pana kipimo kamili cha ibada ya wafu, wala hakihitaji kujua desturi ilizaliwa wapi.

Kufikia hapo waliokumbukwa kwa siku zao rasmi walikuwa mashahidi waliojulikana kwa jina na kaburi. Lakini mateso makubwa yaliyoanza mwaka 303 chini ya Kaisari Diocletian yaliacha mashahidi wengi kupita siku za kalenda. Tena walikuwako waliouawa bila mtu wa kuandika majina yao, na waliotupwa baharini wasiwe na kaburi la kuzuru. Ndipo makanisa ya mashariki yakaweka siku moja kwa ajili ya mashahidi wote. Nyimbo za Ephrem, mshairi wa Kisiria wa karne ya 4, zinataja tarehe 13 Mei. Kalenda ya Kisiria ya mwaka 411 inataja Ijumaa baada ya Pasaka. Na makanisa ya Kiorthodoksi mpaka leo hushika Jumapili inayofuata Pentekoste. Mjini Roma, tarehe 13 Mei ya mwaka 609 au 610, Papa Boniface IV aliliweka wakfu Pantheon, hekalu kubwa la miungu, kuwa kanisa la Bikira Maria na mashahidi wote. Wako wataalamu wanaotukumbusha kuwa tarehe hiyo ilikuwa ya mwisho ya Lemuria, usiku wa maharagwe meusi. Wako wanaojibu kuwa Lemuria ilikuwa imesahauliwa zamani, na kwamba tarehe yenyewe ilijulikana mashariki kabla ya hapo.

Kuhusu tarehe 1 Novemba mabishano ni makali zaidi. Wengi husema ilichukuliwa kutoka Samhain, sikukuu ya Wairishi wa kale ya kuingia majira ya baridi, na rai hiyo ilienezwa sana na James Frazer, mtaalamu wa mila aliyevuma mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini mwanahistoria Ronald Hutton, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alionyesha kuwa kalenda za kale za Ireland yenyewe, za karibu na mwaka 800, ziliiweka sikukuu hiyo tarehe 20 Aprili. Tarehe ya Novemba ilipata nguvu upande wa Wafaranki na Wajerumani. Karibu na mwaka 800 mwanachuoni Alcuin aliisifu katika barua kwa rafiki yake Arno, askofu mkuu wa Salzburg, na mwaka 835 Kaisari Louis, mwana wa Charlemagne, akaiagiza kwa dola yake yote kwa ushauri wa Papa Gregory IV. Kwa hiyo hata wenye kuamini kuwa wameushika ushahidi wa upagani mkononi, wameshika ushahidi unaoteleza.

Hata hivyo, tukiacha tarehe, tunaona jambo la kimaadili lililo wazi. Siku ya Watakatifu Wote iliwekwa kwa ajili ya wale ambao orodha haikuwatosha. Ni ungamo la jamii kwamba kumbukumbu yake ina mipaka, kwamba waliostahili ni wengi kuliko walioandikwa, na kwamba mtu hapungui thamani kwa kukosa mwandishi. Sikukuu ya shahidi mmoja yaweza kuwa fahari ya mji wake. Sikukuu ya watakatifu wote humnyima kila mji fahari hiyo, kwa sababu hakuna ajuaye ni wangapi na ni wa nani.

Siku ya pili, ya Marehemu Wote, ilizaliwa katika nyumba ya watawa ya Cluny, nchini Ufaransa, baina ya mwisho wa karne ya 10 na mwanzo wa karne ya 11. Abate wake, Odilo, aliagiza kwamba tarehe 2 Novemba nyumba zote zilizo chini ya Cluny ziwaombee waumini wote waliokufa tangu mwanzo wa dunia. Hapo duara lilipanuka tena: sasa hawakukumbukwa mashahidi tu, wala watakatifu tu, bali kila marehemu wa kawaida, mwenye madoa yake. Na katika agizo lile lile Odilo aliamuru maskini watakaofika siku hiyo wapewe mkate na divai. Kikapu cha Monica kilikuwa bado kinatembea.

Cluny ilikuwa na ada nyingine iliyofanana na hiyo. Mtawa akifa, jina lake liliandikwa katika daftari la marehemu, na maskini mmoja alilishwa kwa jina lake. Tena kila mwaka, siku ya kumbukumbu yake, maskini alilishwa. Miaka ilipopita, marehemu wakawa maelfu, na sehemu za chakula zikaongezeka kadiri daftari lilivyonenepa, mpaka nyumba ikashindwa kuzimudu. Katika karne ya 12, Abate Peter, ambaye historia humwita Mheshimiwa, aliweka kikomo: maskini wa kulishwa kwa jina la wafu wasizidi 50 kwa siku, wafu wasije wakawafukuza walio hai. Uamuzi huo una uchungu ndani yake, na nadhani hauwezi kukwepwa. Wafu huongezeka kila siku na hakuna anayepungua miongoni mwao, lakini jiko ni lile lile. Anayedai kuwa walio hai wanadaiwa kila kitu na wafu hajaketi kupiga hesabu. Hata hivyo Peter hakulifunga jiko. Watu 50 kwa siku, kila siku ya mwaka, si haba.

Hatari kubwa ilitoka upande mwingine. Mafundisho kuhusu toharani, yaani hali ya kutakaswa kwa roho kabla ya kuingia mbinguni, yalipokwisha kukaa sawasawa katika mioyo ya watu, ile hofu ya Mei ilirudi kwa sura mpya. Nani angevumilia kusikia kuwa mama yake anaungua, na kwamba sarafu chache zingemtoa? Hati za rehema zikauzwa, na sehemu ya fedha ikaenda kujenga Basilika ya Mtakatifu Petro mjini Roma. Si jambo la kubahatisha kwamba Martin Luther alimpelekea Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba 1517, mkesha wa Watakatifu Wote. Kanisa la ngome ya Wittenberg, mji alimofundisha, liliwekwa wakfu kwa heshima ya watakatifu hao, na Mtawala Frederick alikuwa amekusanya humo maelfu ya vipande vya masalia. Katika hoja ya 43 Luther alisema kwamba ampaye maskini au amkopeshaye mhitaji hutenda jema kuliko anunuaye hati ya rehema. Kanisa Katoliki nalo, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1563, lilishikilia mafundisho ya toharani na heshima ya watakatifu, lakini likakataza biashara chafu na udadisi wa kishirikina juu yake. Walitengana katika mengi, na jeraha lao halijapona lote. Katika hili moja, kwamba chakula cha wafu kisiliwe na mfanyabiashara, walisema karibu neno lile lile ambalo Augustine alikuwa amelisema zaidi ya miaka 1,100 kabla yao.

Tumeona, basi, walaji watatu: mlevi, maskini na mfanyabiashara. Yuko wa nne, naye ni uhasama, na ili kumwona hatuna haja ya kwenda Ulaya. Tarehe 16 Agosti 1631, katika kisiwa cha Mombasa, Sultan Yusuf bin Hassan aliingia Fort Jesus na kumuua kapteni wa Wareno. Yusuf alikuwa amelelewa Goa na watawa wa Shirika la Augustine, akabatizwa kwa jina la Jerónimo; baba yake alikuwa ameuawa baada ya kukosana na Wareno, na mwenyewe alikuwa amedhalilishwa nao. Katika siku zilizofuata, Wakristo waliokuwa kisiwani, Wareno pamoja na wenyeji wa pwani, waliambiwa wachague Uislamu au kifo, na wengi walikufa. Mwaka uliofuata, huko Goa, ulifunguliwa uchunguzi ili watangazwe kuwa mashahidi. Mashahidi wa tukio walihojiwa, maelezo yao yakaandikwa, lakini shauri hilo halikufikia kutangazwa kwao.

Tuwakumbuke vipi watu hao? Waliokufa walikuwemo wanawake na watoto ambao hawakumdhulumu mtu, na mwenye haki hawezi kusema kuwa kifo chao kilikuwa halali. Lakini nayo dhuluma iliyomzaa Yusuf haikuwa hadithi. Kumbukumbu ya siku ile ingeweza kwa wepesi kugeuka hati ya mashtaka: upande mmoja ukiwasoma waliokufa ili kuhalalisha ngome na mizinga, upande mwingine ukimsoma Yusuf ili kuwasahau waliokufa. Wahenga wetu walisema maiti haulizwi sanda. Kwa kawaida twatumia methali hiyo kumcheka anayeuliza lililo dhahiri, lakini ina makali yake pia: mfu hana mdomo wa kukataa vazi avikwalo. Twaweza kumvika bendera, twaweza kumvika chuki yetu, naye atanyamaza.

Mfano wa pili uko bara, Namugongo nchini Uganda, na wenyewe unatupa tumaini kidogo. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana wa ikulu yake, Wakatoliki kwa Waanglikana, walichomwa moto hapo. Wakatoliki 22 waliouawa katika mateso ya miaka ile walitangazwa watakatifu na Papa Paul VI tarehe 18 Oktoba 1964, na katika hotuba yake Papa aliwataja kwa heshima pia wenzao wa Kanisa la Kianglikana waliokufa kwa jina la Kristo yule yule. Leo tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa zima la Uganda. Lakini kabla ya hao, katika miaka ya 1875 na 1876, Kabaka Muteesa, baba yake Mwanga, alikuwa amewaua Waislamu kwa sababu ya imani yao, miongoni mwao vijana wa ikulu waliokataa kula nyama isiyochinjwa kwa sheria yao. Idadi yao hutajwa kuwa takriban 70, na mahali panapotajwa ni Namugongo hiyo hiyo. Ardhi moja ilipokea damu ya makundi matatu. Anayekwenda kuwazuru wa kwake akawasahau wa mwenzake, amezuru nusu ya kaburi.

Hapa atainuka mwenye kuuliza: ikiwa kipimo cha ibada ni faida ya walio hai, si tunawatumia tu wafu kama kisingizio cha sadaka? Na ikiwa wafu hawahisi lolote, kwa nini tusiwape maskini bila kuwataja? Swali hili ni la haki. Augustine mwenyewe, akimjibu Askofu Paulinus wa Nola karibu na mwaka 421, alikubali kwamba fahari ya mazishi huwafariji walio hai zaidi ya kuwafaa waliokufa. Lakini alikataa kuwa haina maana. Kama mwana anavyolithamini vazi la baba yake au pete yake, alisema, ndivyo inavyotupasa kuuheshimu mwili ambao mtu aliuvaa kwa karibu zaidi kuliko vazi lolote. Na dua na sadaka, kwa imani yake, ziliwafaa wafu kweli.

Asiyekuwa na imani hiyo naye ana la kujibu. Tumepokea kutoka kwa wafu lugha tunayosema, minazi tuliyoikuta imepandwa, majina tunayoitwa. Ni deni la kweli, ila mdai wake hawezi kulipokea. Watu wa pwani wanajua uzito wa deni la maiti: hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Deni letu kwa maiti ndilo gumu zaidi, kwa kuwa haliwezi kulipwa pale lilipotoka. Laweza tu kulipwa mbele, kwa mtu mwingine. Kumtaja marehemu wakati wa kumpa maskini si kisingizio, bali ni kuungama kwamba kile tunachokitoa hatukukianzisha sisi. Asiyemtaja aliyetangulia huweza kudhani kuwa ukarimu ni wake peke yake.

Kwa hiyo, anayetaka kuzipima sikukuu hizi, za Wakristo au zozote zilizofanana nazo, asiishie kuuliza kama zilitoka Roma, Edessa au Ireland. Aende jikoni, aulize sufuria zinapelekwa wapi. Aulize kama wafiwa wamekopa ili kuwalisha walioshiba. Aulize ni majina ya nani yanasomwa, na ni ya nani yamerukwa kwa sababu walikuwa wa dini nyingine, au watumwa, au maadui. Monica alipokuwa akifa huko Ostia mwaka 387, mbali na kaburi alilokuwa amejiandalia kando ya mumewe, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasisumbuke. Aliloomba ni moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Hakutaja chakula. Yumkini alikwisha kujua mahali kikapu chake kilikotakiwa kwenda.